Kijiji cha mtoni Indonesia: Bukit Lawang au Muara Muntai?

Mwaka huu watu watatu wameniuliza swali moja. Wa kwanza ni mwalimu anayekaribia kustaafu. Wa pili ni kijana wa Mombasa aliyeoa binti wa Medan. Wa tatu ni mama anayefuata vitambaa Jakarta, na kila safari hutamani angekuwa na kwake pa kupumzika. Wote wanataka kitu kilekile: nyumba kijijini, kando ya mto, na mradi mdogo wa kuingiza hela ya matumizi. Na wote wamekwisha kutumiwa picha nzuri na mtu anayetaka kuwauzia.

Nitalinganisha vijiji viwili nilivyolala humo, si nilivyopita tu. Bukit Lawang kipo Langkat, Sumatra Kaskazini, kando ya mto Bahorok, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Gunung Leuser. Muara Muntai kipo Kutai Kartanegara, Kalimantan Mashariki, kwenye mto Mahakam, jirani na maziwa ya Jempang, Semayang na Melintang. Nimevichagua kwa sababu mito yao haifanani hata kidogo, na kwa maoni yangu mto ndio unaoamua karibu kila kitu kingine: nyumba ijengwe vipi, riziki itoke wapi, na siku ya gharika utakuwa na muda gani wa kuondoka.

Mto wenyewe

Bahorok ni mto wa milimani. Maji yake ni baridi, yanaonekana mpaka chini, na yanapita juu ya mawe kwa kishindo ambacho usiku wa kwanza kinakunyima usingizi na baada ya wiki huwezi kulala bila hicho. Mvua ikinyesha huko juu Leuser, kijijini jua linaweza kuwa bado linawaka. Dalili ya kwanza ni rangi. Maji ya kijani yanageuka kama chai ya maziwa, kisha vijiti na majani vinaanza kupita. Niliwaona kina mama wakianua nguo walizotandaza juu ya mawe, bila kusemezana, kila mmoja na beseni lake kichwani, na muda si mrefu yale mawe hayakuonekana tena.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 2003, mwezi wa Ramadhani, mto huo ulishuka na magogo na kukichukua kijiji. Walikufa watu zaidi ya 200, watano kati yao watalii, na mamia ya nyumba na makumi ya nyumba za wageni zilizoegemea ukingo zikasombwa. Kijiji kimejengwa upya, kimechangamka, na ukipita leo kwenye madaraja yake ya kamba huwezi kujua kitu. Ndiyo maana nalitaja mapema. Atakayekuuzia kiwanja kando ya maji hatalitaja. Na wala si hadithi ya zamani: mwishoni mwa Novemba 2025 mvua za kimbunga Senyar zilileta mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 1,000 katika Aceh, Sumatra Kaskazini na Sumatra Magharibi.

Mahakam ni mto wa namna nyingine kabisa. Una urefu wa zaidi ya kilomita 900, ni mpana, rangi ya udongo, na unatembea kama mzee anayekwenda msikitini na ana muda wa kutosha. Aliyekulia bonde la Rufiji au Tana atauelewa siku ya kwanza. Maji hupanda polepole, kwa siku na wiki, yakaingia mabondeni na maziwani, kisha yakashuka. Watu hawayakimbii, wamejenga juu yake. Muara Muntai chote kimesimama juu ya nguzo, na barabara zake ni za mbao za ulin, ule mti mgumu ambao Kalimantan huuita mti wa chuma. Pikipiki ikipita, mbao zinalia moja baada ya nyingine kama marimba, na ukiwa ndani unajua inaelekea gatini au inatoka.

Mzee aliyenikaribisha alinipeleka kwenye nguzo ya barazani kwake. Ilikuwa na alama za kisu, moja kwa kila mafuriko makubwa aliyoyaona. Ya juu kabisa ilinifika magotini nikiwa nimesimama sakafuni. Nikamuuliza mwaka ule walifanya nini. Akasema, "Tulipandisha godoro mezani, mwanangu. Tukavua samaki dirishani."

Tabu kubwa ya Mahakam, kwangu, ni ukame. Maziwa yale ni ya kina kifupi, na mwaka wa El Niño, ambayo huko huleta ukame, hukauka mpaka mtumbwi unasukumwa kwenye matope. Mwaka 2015 moto wa ardhi ya mboji ulifunika Kalimantan na Sumatra kwa moshi wiki baada ya wiki. Mwenye pumu asidanganywe na picha za machweo.

Kwa hiyo, mto mmoja unaweza kukuua kwa usiku mmoja, mwingine unakuchosha kwa miezi. Mimi nachagua wa kunichosha.

Ardhi: hapa vyote viwili ni sawa

Sheria ni moja nchi nzima. Sheria ya Ardhi Na. 5 ya mwaka 1960 inasema umiliki kamili, unaoitwa Hak Milik, ni wa raia wa Indonesia peke yao. Mgeni anaweza kupata haki ya matumizi, Hak Pakai, au kukodi. Kampuni ya mtaji wa kigeni inaweza kupata haki ya kujenga, Hak Guna Bangunan, kwa miaka 30 inayoweza kuongezwa. Hak Pakai ya mgeni mwenye kibali cha kuishi ipo kisheria, lakini nyumba anayoruhusiwa kununua ina bei ya chini iliyopangwa kwa kila mkoa, na nyumba ya mbao ya kijijini haifiki huko. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, katika vijiji hivi, linabaki jambo moja: kukodi.

Utaambiwa ipo njia ya mkato. Weka jina la rafiki Mwindonesia kwenye hati, halafu mwandikishane pembeni kwamba hela ni zako. Usifanye. Kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo kinaubatilisha mkataba wa namna hiyo, ardhi inarudi serikalini, na hela uliyotoa huwezi kuidai. Si lazima rafiki awe mbaya. Akifa tu, watoto wake wanarithi kilichoandikwa kwa jina lake.

Kijana wa Mombasa aliniambia, "Kaka, mimi sina shida, mke wangu ni raia." Shida ipo, na kubwa. Mali inayopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili, hivyo mke aliyeolewa na mgeni bila mkataba wa kutenganisha mali anakwama kwenye Hak Milik. Zamani mkataba huo ulipaswa kufungwa kabla ya harusi. Mahakama ya Katiba, kwa uamuzi wa mwaka 2016 katika shauri Na. 69 la mwaka 2015, ilifungua mlango wa kuufunga hata ndoa ikiwa imeshaanza. Waende kwa mthibitishaji wa mikataba kwanza, ndipo waende kutazama viwanja.

Halafu kuna ukingo wa mto. Kanuni ya wizara ya ujenzi ya mwaka 2015 inatenga eneo la akiba kila upande. Kwa mto usio na tuta ulio nje ya mji, akiba ni mita 50 kama bonde linaloulisha maji ni dogo, na mita 100 kama bonde linazidi kilomita za mraba 500. Bonde la Mahakam linazidi kiasi hicho mara nyingi. Nyumba za zamani zilizo ndani ya akiba zimeachwa zilivyo, lakini kuongeza ghorofa au kujenga mpya ni jambo jingine. Kile kibaraza cha miguu majini ulichokiona pichani, uwezekano mkubwa kimesimama mahali ambapo hutapewa kibali cha ujenzi.

Na karatasi zenyewe. Vijijini Sumatra na Kalimantan wauzaji wengi wanashika barua ya mkuu wa kijiji tu, SKT. Hiyo si hati. Hati hutoka ofisi ya ardhi, BPN, na uuzaji hupita kwa afisa anayeitwa PPAT.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Bukit Lawang nilikodi nyumba ya vyumba viwili kwa mwaka, nikalipa yote mkononi mwa kaka mkubwa wa familia, nikapewa risiti yenye stempu ya rupia 10,000. Mwezi wa tatu akaja dada yao kutoka mjini. Nyumba ilikuwa urithi ambao haujagawanywa, na yeye hakuulizwa. Hakunifokea hata. Alikaa barazani, akanimiminia chai kwa birika langu mwenyewe, akaniuliza kwa upole kama naona ni haki. Nilimlipa fungu lake. Tangu siku hiyo, kabla ya kutoa hata senti, nauliza: baba yenu yu hai? Mko wangapi? Wote watasaini? Na mkataba uwe na toleo la Kiindonesia, maana sheria ya lugha ya mwaka 2009 inataka hivyo kwa mikataba na raia wao.

Kufika, na kufika hospitali

Bukit Lawang ni kama kilomita 90 kutoka Medan, lakini ni saa tatu hadi nne za gari, katikati ya mashamba ya michikichi yasiyoisha, nyuma ya malori ya mawese. Kwenda Muara Muntai unatoka Samarinda, mji mkuu wa Kalimantan Mashariki, kwa gari kama saa tatu mpaka Kota Bangun, halafu mtumbwi wa injini unaoitwa ces kwa karibu saa mbili. Ukipenda, panda meli ya abiria ya mtoni inayoondoka Samarinda asubuhi. Utafika jioni, umelala, umekula wali, na umejua habari za kila familia iliyomo.

Safari hiyo ni tamu ukiwa mzima. Ukiwa na mtoto mwenye degedege saa nane usiku, ni mtumbwi kwanza, gari baadaye. Vijiji vyote viwili vina kituo cha afya karibu, puskesmas, na cha Muara Muntai kilinifungia jeraha vizuri tu. Lakini kwa moyo, uzazi mgumu au kiharusi, Bukit Lawang kinashinda kwa mbali, kwa kuwa gari linafika mlangoni mwa kijiji na Medan ni jiji kubwa.

Mradi mdogo

Hapa ndipo wengi wanapopigwa na butwaa. Kampuni ya kigeni Indonesia inatakiwa iwe na mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10, bila kuhesabu ardhi na majengo. Hizo ni kama dola 600,000. Biashara ndogo ni za raia. Gesti ya vyumba vinne kijijini ni biashara ndogo, basi si yako kisheria, hata kama hela yote umetoa wewe. Na kibali cha ukaazi wa kustaafu hakikuruhusu kufanya kazi, na kuwapokea wageni na kuwapikia ni kazi. Vipo vibali vya watu wenye uwezo, kama viza ya dhahabu iliyozinduliwa Julai 2024, ambayo kwa asiyefungua kampuni inaanzia uwekezaji wa dola 350,000. Kipo pia kibali cha wanaofanyia kazi kampuni za nje kwa mtandao, kwa mwenye kipato cha dola 60,000 kwa mwaka. Kwa wengi wetu, neno "kuwekeza" hapa lisomwe hivi: kumpa mwenyeji unayemwamini mtaji, kwa maandishi, kiasi ambacho kikipotea utalala usingizi.

Tuseme umempata mwenyeji huyo. Biashara ya Bukit Lawang ni watalii. Wanakuja kuona orangutani, kwa kuwa kituo cha kuwarudisha wanyama hao msituni kilianza hapo mwaka 1973. Wazungu hujaa Julai na Agosti. Mwisho wa wiki hujaa watu wa Medan, mabasi kwa mabasi, watoto wakielea mtoni juu ya mipira ya matairi. Fedha inaonekana na inazunguka haraka. Lakini Machi 2020 ilizimika siku moja, na waliookoka ni waliobaki na miti yao ya mpira na midurian. Kama ni kuweka fedha hapo, ningeiweka kwenye nyumba ya wageni iliyo upande wa juu, mbali na maji, ya familia yenye shamba. Mandhari ya mto ni mazuri zaidi chini, najua. Mgeni wa siku mbili na alale chini. Mtaji wa miaka kumi ukae juu.

Muara Muntai biashara ni samaki. Wanakaushwa kwa chumvi barazani mpaka kijiji kizima kinanukia ng'onda. Wanafugwa pia kwenye vizimba vilivyofungwa chini ya nyumba, na ukisimama jikoni unawamwagia mabaki kupitia nafasi za mbao. Kizimba ni mtaji mdogo na kinavutia mno kwenye karatasi. Sasa jifunze neno moja kabla hujatoa hela: bangar. Ni maji meusi ya kinamasi, yasiyo na hewa ya kutosha, ambayo maji ya mto yakipanda au yakishuka kwa ghafla huingia mtoni. Asubuhi unawakuta samaki wako wote wamegeuza matumbo juu. Wenyeji huyanusa mapema, wakavuta vizimba pengine au wakauza kwa bei ya kutupa. Mtu aliye Dar es Salaam hanusi kitu.

Utaona pia majengo marefu ya zege yasiyo na madirisha, yenye vipaza sauti vinavyolia kama ndege mchana kutwa. Ni nyumba za walet, ndege wanaofanana na mbayuwayu ambao viota vyao huuzwa China kwa bei kubwa. Kila mtu atakuambia habari ya jirani aliyetajirika. Jengo unaweza kulijenga, ndege huwezi kuwalazimisha kuingia, na kelele ni ya majirani wote. Sikulipenda jambo hili na sitampa mtu ushauri wa kuliingia.

Kuna utalii kidogo Mahakam, hasa jirani huko Pela, watu wanapokwenda kumwona pesut, pomboo wa mtoni aliyebaki chini ya 100 katika mto mzima. Nilimwona mara moja, mgongo wa kijivu na pumzi moja nzito, huku tishali la makaa ya mawe likipita nyuma yake, refu kama mtaa. Anayefikiria kujenga biashara juu ya mnyama huyo aangalie yale matishali kwanza.

Kuishi na watu

Mswahili hapotei sana katika vijiji hivi. Vyote viwili Waislamu ni wengi, adhana unaisikia, chakula hakina wasiwasi, ingawa Langkat unaishi pia na Wakaro Wakristo, na kuzunguka ziwa Jempang na Wadayak wa Benuaq. Lugha inakupokea nayo: habari ni kabar, msimu ni musim, riziki ni rezeki, sabuni ni sabun, karatasi ni kertas. Wiki ya pili nilikuwa nimeshaanza kununua samaki bila kunyoosha vidole.

Tofauti ni hii. Bukit Lawang wamezoea wageni, na mgeni ana bei yake. Utaitwa kaka, utaimbiwa gitaa, na kila urafiki una safari ya msituni ndani yake. Siwalaumu, ndiyo ajira yao. Muara Muntai hawana cha kukuuzia, kwa hiyo wanakuuliza maswali mpaka usiku. Nilipougua homa, mke wa yule mzee aliniletea uji siku nne mfululizo na hakutaka hata kusikia habari ya shukrani. Kwa kuishi, moyo wangu uko Muara Muntai.

Bali je? Huulizwa kila mara, hasa bonde la Sidemen chini ya mlima Agung. Ni pazuri mno, lakini soko limeshakomaa: ardhi inahesabiwa kwa mita za mraba 100, kodi ya miaka 25 inalipwa kwa mkupuo, na juu ya serikali kuna kijiji cha mila chenye sheria zake na subak, umoja wa wakulima unaogawa maji ya mashamba. Mwenye fedha nyingi na mwanasheria mzuri aende. Huo ni ulinganisho mwingine.

Majibu niliyowapa

Mwalimu ana afya njema, mradi si wa lazima kwake, anataka zaidi kuvua na kusoma. Nilimwambia Muara Muntai, nyumba ya kukodi mwaka kwa mwaka, upande wa kijiji wenye nguzo ndefu, na fungu la fedha lisiloguswa la kukodi mtumbwi usiku wa dharura. Pumu au presha ikija, ahamie mjini bila kubishana na mtu.

Kijana na mkewe, Bukit Lawang. Wao ndio pekee kati ya watatu wanaoweza kufanya biashara kihalali kwa jina la familia, wakishafunga ule mkataba wa mali. Biashara iwe ya mke, upande wa juu, na hati ya BPN waione kwa macho yao ofisini, si kwenye simu ya dalali.

Mama wa vitambaa asinunue wala asikodi kwa mwaka. Achukue chumba Bukit Lawang mwezi mmoja, na uwe Novemba, si Julai. Siku maji yatakapobadilika rangi, asimame darajani atazame wenyeji wa ukingoni wanakimbilia wapi. Chumba chake kingine akitafute huko.